Ubao wa Dama

Dama alikuwa nyuma ya nyumba akimenya muhogo aliposikia kilio kikija kutoka upande wa kanisani. Kiembeni mtu akisikia kilio haulizi maswali. Huacha alichoshika, akajifunga leso, akatoka. Dama akanawa mikono, akafunga leso kiunoni na kukimbilia njiani, huku akikisia ni nani. Alidhani ni yule mzee wa nyumba ya kona aliyekuwa akikohoa mwezi mzima, na machozi yalikuwa yameshaanza kumlengalenga, maana mzee yule alikuwa mtu mwema.

Kwenye kona akakutana na wanawake wa chama cha kanisa wamebeba sukari, mchele na mikeka. Mbele yao, akishikiliwa huku na huku, alikuwa Nyevu, mama wa mumewe, analia hata kitambaa cha kichwa kimemdondoka.

"Mama, kulikoni?" Dama akamshika mabega. "Ni nani, jamani?"

Nyevu akainua uso. Akamtazama mkwewe kutoka utosini hadi vidoleni, halafu akaketi mchangani.

"Ni wewe," akasema.

Wanawake wawili wa nyuma walitimua mbio. Aliyebeba mkeka akauficha nyuma ya mgongo kama mwizi aliyekamatwa nao. Wengine walisimama wakimkodolea macho Dama, wasijue kama wamkumbatie au wamkemee, na nadhani baadhi yao walikuwa na hasira kidogo, kwa sababu kilio kikishapanda si rahisi kukirudisha.

Habari ilikuwa imetoka kwenye karakana ya majeneza, na karakana hiyo ni ya Tinga, mume wa Dama, na mwenzake Fondo. Ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka. Mtu akifiwa huku, hukata ufito kwa urefu wa maiti na kuupeleka kwa fundi, na fundi huandika jina la marehemu kwa penseli asije akachanganya. Fondo alitoka kununua misumari, akarudi akakuta ufito umeegemezwa mlangoni, pale pale wanapoegemeza fito zote. Umeandikwa DAMA, kwa mwandiko wa Tinga, na Tinga mwenyewe hayupo. Fondo afikiri nini? Alifikiri ambacho mimi na wewe tungefikiri. Akampigia Nyevu simu akilia. Kisha akatoa mbao za mvule alizokuwa amemwekea mteja mmoja tajiri, akaanza kumpigia randa mke wa rafiki yake, bila kujiuliza nani atalipa.

Tinga aliporudi nyumbani na plaiwudi kichwani alikuta uani kumejaa watu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye stuli, birika mkononi, akigawa chai ya matanga yake mwenyewe.

"Wamekuja na sukari," Dama akamwambia. "Nikaona wasirudi na kiu."

Tinga ni mtu mpole, mrefu, asiyependa makelele. Alitua plaiwudi polepole. Mama yake hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Ulimpima mkeo?"

"Nilimpima, Mama."

"Kwa ufito?"

"Mimi najua kupima kwa ufito. Alitaka nimtengenezee ubao wa kusimamia majini, ule unaovutwa na kaiti. Nikaona kitu cha kubeba mwili wa mtu lazima kilingane naye."

"Alilala chini?"

Tinga akatazama viatu vyake.

"Nililala," Dama akajibu. "Nikafumba na macho, jua lilikuwa kali."

Vikombe vikatulia mikononi mwa watu. Nyevu akajipiga kofi pajani kwa uchungu.

"Marehemu baba yako alitengeneza majeneza maisha yake yote, hakupata kumpima hata mtoto kaptura. Mtu hapimwi yu hai, Tinga. Hilo nalo nikufundishe leo, una ndevu? Ufito uchomwe, huo ubao uachwe, na mchungaji aje aombee nyumba hii."

"Ufito na uchomwe," akasema Dama. "Mchungaji na aje, maombi nayataka. Ubao siachi."

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini wanawake wote walisikia, na kufikia jioni Kiembeni nzima ilikuwa imesikia.

---

Lazima niseme kwa nini alikuwa mbishi hivyo. Dama alifanya kazi katika skuli ya kaiti kwenye ufuo wa Bamburi. Kaiti hizo ni tiara kubwa za kitambaa, zinamvuta mtu juu ya maji amesimama kwenye ubao. Kazi ya Dama ilikuwa kumshikia mgeni kaiti mchangani mpaka kamba zikaze, kisha amwachie aende. Basi. Alishika, akaachia, mgeni akaenda, yeye akabaki. Upepo aliujua kuliko wengi waliolipa kufundishwa, na Felix, mmoja wa walimu, alikuwa ameanza kumwacha arushe kaiti yake kuukuu yenye viraka. Alichokosa kilikuwa ubao. Mbao za skuli zilikuwa za wageni, na za dukani usiziulize bei kama hutaki kuumwa kichwa.

Ndipo Velma, meneja wa skuli, akatangaza kwamba anataka mwalimu msaidizi mwanamke, kwa kuwa wageni wanawake wengi walikuwa wakiomba. Sharti lilikuwa moja. Mtu aingie majini na ubao, aende, arudi palepale alipotokea bila kutembea. Asiyejua mchezo huu anaona ni jambo dogo. Kwenda na upepo hata mfuko wa plastiki unaweza. Kurudi ni lazima uende bisho, uupande upepo kwa ukingo wa ubao, na hapo ndipo wanafunzi wanapolia. Jaribio lilikuwa Jumamosi.

"Na ukishindwa?" Velma alimuuliza.

"Nitakuwa nimeshindwa mimi," alijibu Dama. "Si kama sasa, nimeshindwa na kabati mnalofungia mbao zenu."

---

Asubuhi baada ya matanga yasiyo na maiti, Dama alimweleza Felix kuhusu ufito. Felix ni mtu wa Mikindani, wazazi wake wa bara, na kucheka kwake hakuna breki. Alicheka mpaka akashika mti.

"Urefu! Nani alikuambia urefu, Mama Kai? Ubao unachaguliwa kwa uzito. Uzito wako, nguvu za upepo, na kama wewe ni mwanafunzi ama ni mtu anajua."

Kwa hivyo Dama alikuwa amefariki bure.

Kulikuwa na mgeni aliyekuwa akifunga mizigo, anauza ubao wake kwa bei ya kutupa. Mdogo, mwekundu, unang'aa, na ncha zake zimepinda vizuri. Dama aliushika akajiona tayari yuko juu yake. Alitamani kukopa pale pale, ayamalize na mavyaa wake na majirani.

"Weka chini," Felix akasema.

"Ni mzuri."

"Ni mzuri kwa mtu mwepesi anayeruka. Wewe kwa huu utazama, usimame, uzame. Utachukia bahari. Mwanafunzi anatafuta mkubwa, mpana, usiopinda sana. Unakubeba hata upepo ukilegea, na unashika maji wakati wa kurudi. Usione aibu ya ubao mkubwa. Uko kilo ngapi?"

Dama hakujua. Mara ya mwisho kupimwa alikuwa na mimba ya mwanawe Kai.

Mizani ya karibu na nyumbani ilikuwa ya Kiponda, anunuaye vyuma chakavu kando ya barabara. Dama alipanda juu yake mchana kweupe, katikati ya mabati na betri za magari, na kabla sindano haijatulia watu walikuwa wameshakusanyika. Jana ufito, leo mizani. Mama mmoja akanong'ona kwamba safari hii anapimwa nauli ya kumpeleka makaburini.

"Sabini na nane!" Kiponda akapaza sauti. "Nikuandikie bei ya chuma ama ya shaba?"

Wakacheka sana. Dama alihisi masikio yakimchoma, na nusura ashuke akimbie. Lilimuuma, nisikudanganye, mwanamke si gunia la misumari. Lakini alibaki juu ya ile sahani ya chuma, mikono kiunoni.

"Sema tena, Kiponda. Kuna waliosimama nyuma hawakusikia."

Kiponda akasema tena, lakini safari hii kwa sauti ya chini, akitazama pembeni.

---

Karakanani mambo yalikuwa mabaya. Fondo hakumjibu hata salamu. Alikuwa ameinamia dirisha la jeneza la mtu, akilisugua msasa mahali palipokwisha kulainika.

"Fondo, shemeji yangu, nimekukosea nini?"

"Nilikulilia," Fondo akasema bila kugeuka. "Mbele ya wateja. Mtu mzima, kamasi mpaka kidevuni. Leo wataka nishike randa nikutengenezee mchezo?"

Dama akakaa kwenye gogo karibu naye.

"Nimesikia ulinichagulia mvule."

"Nilikuchagulia."

"Ahsante. Hakuna aliyepata kunichagulia mbao nzuri hivyo, na nikifa kweli naitaka hiyo hiyo. Lakini majini mvule utanizamisha. Nikatie plaiwudi."

Fondo akaweka msasa chini. Kabla hajajibu, wanaume wawili waliingia na ufito. Walikuwa wamefiwa na nyanya yao. Tinga akawapokea kwa heshima, akawapa pole, akanyoosha mkono. Mkubwa wao alikuwa akimtazama Dama, aliyejaa unga wa mbao magotini.

"Samahani, fundi," akasema. "Tumesikia hapa mwapima na walio hai. Sisi wazee wetu hawatakubali." Wakatoka na ufito wao, wakavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine.

Tinga alibaki mkono umenyooka. Alipougeukia uso wa mkewe, macho yake yalikuwa mekundu.

"Tuache, Mama Kai. Nakuomba. Hii ndiyo riziki yetu."

"Wakirudi kwa sababu nimeacha, itakuwa wameona nini? Kwamba kweli nilikuwa nimekosa. Kwamba kweli ulinipima kifo." Dama alisimama. "Baba Kai, nimeshika tiara za watu mpaka viganja vimekuwa kama vyako. Namshikia mtu, naachia, naenda nikakae kivulini nimngojee. Wameshanililia. Wameshakunywa chai yangu. Niogope nini tena, useme?"

Tinga akaushusha mkono. Dama akafungua kopo la gundi, akalala kifudifudi juu ya plaiwudi kuona kama imenyooka, na Tinga akafumba macho kwa kutotaka kumwona amelala. Aliyemaliza ubishi ni Fondo. Alichukua msumeno.

"Gundi umeshaifungua," akanung'unika, "na ikikauka ni hasara."

Walikata vipande viwili vyembamba kwa vipimo alivyochora Felix, wakavipaka gundi na kuvilaza kimoja juu ya kingine. Ili ubao upinde, waliweka vibao chini ya ncha mbili, na katikati pakahitaji uzito wa kuushindilia mpaka tumbo lake liguse meza. Mitungi ya maji haikutosha. Dama akapanda akakaa. Ubao ukashuka kidogo.

"Bado," Tinga akasema.

Fondo akajifuta mikono, akapanda akakaa kando yake. Tinga naye akapanda upande wa pili. Tumbo likagusa. Wakakaa hivyo, watatu kwenye mstari, wanaitazama barabara, gundi ikishika, na barabara nayo ikiwatazama. Waliopita walisalimu. Wengine walisalimu wakiwa wameshapita.

Mwishowe ubao ulihitaji mkono wa kushikia. Kilichokuwapo karakanani ni mikono ya majeneza, ya shaba, yenye maua.

"Watu wataona," Tinga akasema.

"Waone," Dama akajibu, na Fondo akaikaza skrubu.

---

Jumamosi upepo ulikuwa mzuri na ufuo umejaa. Nyevu alikuja na chama chote cha kanisa. Alikuwa amekataa kula tangu asubuhi. Hakuja kushangilia, alikuja kwa sababu, alivyomwambia mwanawe, mtoto wa watu akizama ni lazima mtu wa nyumbani awepo. Wanawake wakaketi mchangani na leso zao, karibu na mwavuli wa skuli, na mmoja akaanza wimbo wa polepole. Velma akawaomba wapunguze sauti, wageni wanaogopa.

Dama aliingia majini. Kaiti ikapanda, akaingiza miguu kwenye mikanda iliyokatwa kutoka mishipi ya viti vya gari bovu, kaiti ikavuta, akasimama. Akasimama kweli! Halafu miguu yote miwili ikateleza, akapigwa na maji usoni, na ubao ukaenda peke yake.

Kosa lilikuwa la Tinga. Usiku wa kuamkia siku ile aliupiga vanishi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukang'aa unavyotakiwa kung'aa mbele ya waombolezaji. Hajui kumaliza mbao kwa namna nyingine. Alipoona mkewe anateleza alielewa, akakimbilia majini na suruali yake ya kanisani, akautoa ubao, akapiga magoti mchangani na kuanza kuusugua msasa aliokuwa nao mfukoni. Aliusugua kwa hasira, akiharibu kazi yake nzuri mbele za watu. Alikuwa anaona haya, lakini hakuacha.

"Ukwaruze sana," Dama akamwambia akitema maji ya chumvi. "Nataka ubaya."

Mara ya pili aliweza kusimama na kwenda. Alikwenda mbali, wanawake wakanyanyuka, lakini upepo ulimsukuma mpaka kwenye hoteli za mbele, na kurudi ikawa ni kwa miguu. Alitembea ufuo mzima akipita katikati ya waogaji, kaiti juu ya kichwa, ubao kwapani, mkono wa jeneza unametameta juani. Vijana wakamwita bibi wa kaburini. Mwanamke mmoja akamfunika mtoto wake macho. Dama alipita akiwasalimia mmoja mmoja kwa sauti, habari za saa hizi, hamjambo, mpaka waliokuwa wakicheka wakalazimika kumjibu. Akaingia tena. Akatembea tena. Akaingia tena.

Velma alitazama saa, akamwambia Felix kwamba ana wageni wa kuhudumia ofisini, akaondoka.

"Regeza kidogo huo usukani wa kaiti ulioshika," Felix akamwambia Dama. "Kaa nyuma. Zile kilo zako zote ziweke kwenye kisigino. Usiuombe ubao, ukanyage."

Akaukanyaga. Walioona wanasema ubao ule mpana ulilalia ubavu na kukata maji moja kwa moja, hauserereki tena, na Dama alikwenda mpaka akawa mdogo. Wimbo wa wanawake ulikatika wenyewe. Kisha akageuka. Alianguka katika kugeuka, akatoweka, Nyevu akashika kichwa. Akaibuka, akasimama, akaanza kurudi. Hakurudi kwa haraka. Alirudi akivutana na upepo kama mtu anayevutana na mbuzi mkaidi, hatua kwa hatua, na aliposhuka majini alikuwa mbele ya mwavuli wa skuli, palepale alipotokea. Tinga alilia. Fondo pia, kwa mara ya pili.

Velma alirudi akiwa na simu sikioni. Akawakuta watu wanapiga vigelegele.

"Amerudi," Felix akamwambia. "Bila kutembea."

"Mimi sikuona." Velma akashusha simu. "Nisamehe, Dama, lakini hii ni kazi ya watu kukabidhiwa roho zao. Siwezi kuandika nilichosimuliwa. Na saa ya jaribio imekwisha. Labda msimu ujao."

Dama alikuwa anahema, magoti yamechubuka, chumvi imemkausha midomo. Alifungua mdomo, lakini aliyezungumza kabla yake alikuwa Nyevu.

"Mimi nimeona," akasema.

"Mama, wewe ni mtu wake."

"Mimi?" Nyevu akasimama akijikung'uta mchanga. "Uliza hawa. Mimi sikuutaka huu ubao tangu mwanzo, na sasa pia siutaki. Sijasema nimependa. Nimesema nimeona."

Akakiendea kiti cha plastiki chini ya mwavuli, akatupa taulo la mgeni lililokuwa juu yake, akakiburuta mpaka kwenye maji na kukielekeza baharini. Hakuwa ameombwa na mtu.

"Keti, binti," akamwambia Velma. "Simu nikushikie mimi."

Velma aliwatazama walimu wake. Felix alikuwa ghafla na kazi nyingi ya kukunjua kamba. Velma akaketi.

Dama hakungoja kupumzika. Moyoni alijua nguvu zilizobaki ni za safari moja tu. Alimpa Tinga kaiti aishike, na Tinga, asiyewahi kushika kitu kama kile, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, mpaka kamba zikakaza.

"Achia," Dama akasema.

Akaachia. Dama akaenda mpaka akawa mdogo tena. Safari hii hakuanguka katika kugeuka. Aliporudi alimwelekea Velma moja kwa moja, bila kupunguza, ubao umelalia ubavu, na hakushuka mpaka maji yalipomrukia meneja kwenye viatu na sketi na daftari lake lote. Kaiti ikapanda ikatulia juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wote walikuwa wakimtazama Velma.

"Umeona?" Dama akauliza.

Velma akajifuta maji usoni kwa kiganja.

"Nimeona."

"Basi sema kwa sauti," akasema Dama. "Kuna vijana kule mbele walikuwa wananiita bibi wa kaburini."

Velma akasimama juu ya kiti cha plastiki, akasema.